Kitambaa Kilichoitwa Sikuona

Kaka yangu alikufa mchana, jua likiwaka, mbele ya boti iliyotumwa kuokoa watu. Nasema mchana kwa sababu nimewasikia wengi wakisimulia kwamba giza lilikuwa limeingia. Hakukuwa na giza. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na maji ya mto Kilombero yalikuwa yametanda juu ya mashamba kama chai ya maziwa iliyomwagika mezani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika masika ya mafuriko makubwa. Tulikaa Mlabani, si mbali na kivuko cha mto, mimi, kaka, mke wake na mtoto wao wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Kaka ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akamfuata, na kaka, ambaye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anaota ndevu, akanipeleka kwa masista wa misheni nijifunze kushona. Kila Jumapili alikuja na samaki waliobanikwa, ili masista wasije wakasema amenitupa. Alikuwa mvuvi, na msimu wa mpunga aliwavusha watu na mizigo yao kwenda ng'ambo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, na hakupenda kabisa mtu amguse kichwani. Alipotaka kuoa nilihofia kwamba nitaletewa adui ndani ya nyumba. Nikaletewa wifi mkali kuliko mimi, tukapatana tangu wiki ya kwanza.

Mpunga unapokaribia kuiva, watu wa kwetu huhamia shambani. Hulala kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga usiliwe na ndege, nguruwe na viboko. Mwaka ule maji yalipanda kwa haraka, yakawakuta wengi huko huko. Bwana shauri, Mzungu aliyekuwa akitawala upande wetu, akaikodi boti ya injini ya tajiri mmoja wa mpunga pamoja na nahodha wake, akatoa amri kwamba mpaka maji yapungue boti ile ibebe watu tu, isibebe kitu kingine chochote.

Wifi na mtoto walikuwa shambani. Kaka hakungoja boti, akaenda kuwachukua kwa mtumbwi wake. Alifika salama, akawapakia, na walipokuwa njiani kurudi mtumbwi ukagonga kisiki kilichofichwa na maji, ukapinduka. Kisiki kikamchana kaka paja. Hata hivyo aliwavuta mkewe na mtoto mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa kimebakiza kichwa tu juu ya maji. Pale juu palimtosha mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni. Yeye akabaki majini, ameukumbatia mtumbwi uliopinduka, akiuegemeza kwenye matete usichukuliwe na mkondo. Alimwambia mkewe wakae watulie, boti itapita, maana ndiyo njia yake.

Na kweli boti ikapita. Wifi aliisikia kabla hajaiona. Akavua kaniki yake ya juu akaipunga, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kaka akainua mkono. Nahodha alikuwa amesimama nyuma kwenye usukani, amevaa kofia nyeupe. Wifi aliniambia, na baadaye aliwaambia wote waliotaka kusikia na wasiotaka, kwamba yule mtu aligeuza uso, akawatazama, kisha akaurudisha uso wake mbele. Boti haikupunguza hata mwendo. Mawimbi yake ndiyo yaliyouinua mtumbwi na kuubandua kwenye matete. Wifi alikiona kichwa cha mumewe kikienda na mtumbwi, kisha akaona mkono, kisha akaona maji.

Asubuhi iliyofuata wavuvi wawili walimkuta yeye na mtoto bado wako juu ya kichuguu. Kaka tulimpata maji yalipoanza kushuka, mbali sana chini ya kivuko. Sitaeleza alivyokuwa.

Shauri lilisikilizwa chini ya turubai, karibu na kivuko. Nahodha aliulizwa, akajibu neno moja, na karani akalitafsiri. Alisema, "Sikuona." Akaulizwa tena kwa namna nyingine, akajibu vile vile. Alikuwa mtu wa kutoka ziwani, mbali na kwetu, mnene kidogo, msafi, mwenye adabu nzuri mbele ya wakubwa. Wifi aliposimama kutoa habari zake alitetemeka kwa hasira, na walioandika waliandika kwamba anatetemeka kwa majonzi. Bwana shauri akasema kwamba mtumbwi ni mweusi, maji ni ya tope, matete ni marefu, kaniki nayo ni nyeusi, na mwanadamu hawezi kulaumiwa kwa kutokuona kisichoonekana. Akasema pole. Shauri likaishia hapo. Nahodha akatoka, akavaa kofia yake, akaenda kunywa chai.

Mimi nilikuwa tayari kumchukia bila uthibitisho wowote, lakini uthibitisho ulikuja wenyewe. Kwenye boti ile kulikuwa na mtu wa kufunga kamba na kuchota maji, mtu mzima mwenye watoto. Siku moja alikuja barazani kwangu, ninaposhonea nguo za watu, na suruali iliyochanika goti. Nilipokuwa natafuta kiraka akaanza kuzungumza huku anatazama chini. Akasema siku ile boti ilikuwa imejaa magunia ya mpunga ya tajiri mpaka karibu na ukingo, wakati amri ilikuwa watu tu. Alimwona kaka yangu vizuri. Alimwonyesha nahodha kwa kidole. Nahodha akamjibu kwamba wakisimama itabidi watupe magunia majini, na wakifika kivukoni na watu na magunia pamoja, mambo yatajulikana. "Yule ni mtu wa mto," nahodha akasema, "atajua mwenyewe pa kutokea."

Nikamwomba yule mtu tuondoke wakati ule ule, akayaseme hayo kwa bwana shauri. Akakataa. Akasema ana watoto na boti ndiyo chakula chao, na ameniambia mimi ili moyo wake upumue. Nilimrudishia suruali yake bila kuishona. Kama moyo wake ulipumua, ulipumulia kwangu, na mimi nikabaki nimezibwa.

Wifi alitaka tuichome boti. Alikuwa amekwisha kupanga mpaka mahali pa kupata mafuta ya taa. Nilimkatalia, na si kwa sababu ya uchamungu. Padri alikuwa amenifuata nyumbani akiniomba nisamehe, nikamwambia nitasamehe siku nitakapoombwa, na hata siku hiyo nitafikiri kwanza. Nilimkatalia wifi kwa sababu boti ikiungua watu watamwonea nahodha huruma. Tajiri atamnunulia nyingine, naye atasimulia jinsi alivyofanyiwa ubaya na wanawake wa Kilombero. Sikutaka aonewe huruma na mtu yeyote. Nilitaka aishi hapa hapa, afanye kazi ile ile, apite mto ule ule, na kila akifumbua macho aone. Alikuwa amejificha nyuma ya neno moja, na mimi nilitaka kumnyang'anya neno lenyewe.

Nikaanza na vitambaa. Nilikuwa nashona kanzu na mashati ya mwenye duka mmoja wa pale mjini, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, mtu wa maneno machache. Nikamwomba anilipe kwa vipande vya mwisho wa jora. Hakuniuliza vya nini, lakini nadhani alijua, maana siku hiyo alinipa vingi kupita kiasi.

Kiangazi, maji yaliporudi mtoni, mimi na wifi tulikwenda kivukoni kila nilipopata nafasi. Yeye alipanda mtumbwi akapiga kafi mpaka kwenye kona ambako matete ni mazito, mimi nikasimama ukingoni kumtazama. Tulianza na amerikani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi. Nilidhani nyeupe itashinda zote. Haikushinda. Kule mbali iliungana na mng'ao wa maji, na mara nyingine nilikuwa naangalia yangeyange, wale ndege weupe, waliotua kwenye matete nikidhani ni wifi. Tukajaribu bendera, ile nguo nyekundu. Jua likiwa juu ilionekana vizuri sana mbele ya majani mabichi, lakini kwenye kivuli na asubuhi mapema iligeuka nyeusi kama mtumbwi wenyewe. Tukaishia kushona nyekundu na nyeupe pamoja, nusu kwa nusu, kipande kipana kama khanga iliyokunjwa mara mbili, kwa sababu moja ikipotea nyingine inabaki.

Jambo la pili wifi ndiye aliyeligundua. Akiwa ametulia, hata kitambaa kikubwa nilikipoteza nikipepesa macho. Akikitikisa, nilikiona hata kwa pembe ya jicho. Kwa hiyo kitambaa kilihitaji mti mrefu wa kukitikisia. Tukachagua mwanzi, kwa sababu ni mwepesi na una uwazi ndani, unaelea. Tukaufunga kwenye pua ya mtumbwi kwa kamba ndefu ya ukindu, ili mtumbwi ukipinduka mwanzi ujitoe uelee karibu, na aliye majini aushike, ausimamishe na kuutikisa bila kuinua zaidi ya mkono mmoja. Mwisho tukapaka bapa la kafi chokaa pande zote mbili. Kafi likiinuliwa na kugeuzwa geuzwa juani, humeta.

Siku wifi alipojipindua kwa makusudi kule kwenye kona, akapotea majini mpaka shingoni, kisha mwanzi ukasimama na kile kitambaa kikaanza kwenda huku na huku, nilikiona mara moja kutoka kivukoni. Wapagazi waliokuwa wanangoja pantoni walikiona pia, wakaanza kukimbia kutafuta mtumbwi wa kwenda kumsaidia. Niliwazuia nikicheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu msiba, na hakikuwa kicheko kizuri. Nilikuwa nacheka kwa sababu nilijua nimempata.

Wavuvi hawakukipokea kwa furaha. Mmoja alisema mtumbwi utaonekana kama bibi harusi. Mwingine alisema nyekundu inafukuza samaki. Wako waliokuwa wakiwinda bila kibali, ambao hawakutaka kuonekana na mtu yeyote, nao walikuwa na sababu zao. Mwanzoni nilikosea kwa kuwaambia habari za usalama, kwamba wakipinduka wataokolewa. Mtu wa mto hapendi kuambiwa kwamba atapinduka. Wakanisikiliza kwa heshima wakaenda zao.

Kisha nikabadilisha maneno. Nikawakumbusha kwamba yule mtu yuko bado kwenye usukani, na kwamba siku yoyote anaweza kumpita mwingine na kusema neno lile lile, na litakubaliwa, kwa sababu limekwisha kukubaliwa mara moja. Nikawaambia, "Sishoni kwa ajili yenu. Nashona ili asiwe na la kusema." Hilo walilielewa. Walimjua kaka, walikuwa wamevua naye, na wengi wao walikuwa na donge kama langu ila hawakujua pa kulitemea. Mzee mmoja mvuvi alikuwa wa kwanza kuchukua. Abiria wake alipomuuliza kile kitambaa kinaitwaje, akajibu bila kutabasamu, "Hiki ni Sikuona."

Jina likashika. Kabla ya mvua kuanza, watu walikuwa wanakuja barazani kwangu kuniambia wanataka Sikuona, kama mtu anavyotaka khanga au kanzu. Wanawake walioletwa na waume zao kutoka mashamba ya mbali walinitania kwamba Sikuona yangu inaonekana kuliko mbalamwezi. Kuna kijana aliyemwandikia mchumba wake ujumbe mdogo wa mapenzi kwenye kona nyeupe ya Sikuona yake.

Masika mengine yakaingia, maji yakapanda, ingawa si kama mwaka uliotangulia, na boti ikaanza safari zake. Sasa kila mtumbwi uliokutana nayo uliinua kitambaa. Hakuna aliyekuwa na shida. Waliinua tu, wakakitikisa taratibu, na boti ilipokaribia waliuliza kwa sauti ya upole, "Nahodha, unatuona?" Alilazimika kujibu. Asipojibu walirudia. Kwenye maji, sauti ya upole husafiri mbali, na abiria wake walikuwa wanasikia. Akishuka kwenda dukani, watoto walimpa shikamoo, kisha wakamuuliza kama anawaona. Alipowafokea, wazazi walitoka na kusema watoto wamesalimia kwa adabu, kosa lao ni nini.

Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilikuwa naomba habari zake kwa kila aliyetoka mtoni. Nikiambiwa siku hiyo alivua kofia akajifuta uso, nilishona vizuri zaidi.

Akaenda kushtaki. Alimwambia bwana shauri kwamba watu wanapunga vitambaa vya uongo, na kwamba siku atakapokuwepo mtu mwenye shida ya kweli hatajulikana. Nikaitwa, na wifi akaja nami bila kuitwa. Nahodha alisimama upande mmoja, sisi upande mwingine. Bwana shauri akauliza kupitia kwa karani kwa nini nimeanzisha mchezo huu.

Nikasema, "Shikamoo, bwana. Mwaka jana ulituambia mtumbwi hauonekani. Tumefanya uonekane."

Karani alitafsiri. Bwana shauri akamtazama nahodha, kisha akanitazama mimi, na nadhani ndipo alipokumbuka sisi ni nani. Akataka kukiona kitambaa. Wifi alikuwa amekileta, pamoja na mwanzi wake, akakikunjua mbele ya meza. Akauliza habari za kamba, nikamweleza. Akauliza kwa nini rangi mbili, nikamweleza. Mwisho akasema nahodha ana haki katika jambo moja, kwamba wasio na shida wasipunge. Kisha akasema kitambaa ni kizuri, kila mtumbwi unaovuka wakati wa masika uwe nacho, na boti nayo iwe na chake mlingotini, na nahodha aje kukichukua kwangu.

Kwa hiyo alikuja. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa barazani kwenye cherehani. Alisimama kwenye ngazi akabisha hodi. Sikuinua kichwa. Akabisha tena, akasema ametumwa. Nilikata uzi, nikageuza nguo, nikaendelea kushona. Wifi alitoka ndani na beseni la maji ya kuoshea vyombo, akaja moja kwa moja mpaka alipokuwa yule mtu, akayamwaga pale pale miguuni pake kama anavyomwaga kila siku. Nikamuuliza kama kuna mtu amebisha hodi. Akatazama pande zote za ua. Akasema haoni mtu.

Nahodha alisimama na viatu vyake vilivyolowa. Baadaye akasema, "Dada, nakuomba jina tu. Kitambaa sawa, lakini ubadilishe jina." Nilitia uzi mwingine kwenye sindano. Kitambaa chake kilikuwa kimening'inizwa kwenye kamba ya kuanikia, karibu na mkono wake. Alikichukua mwenyewe akaondoka. Wifi alirudi ndani akakaa chini, akanyonyesha mtoto.

Mwisho wa masika yale wanawake wawili walikuwa wanamleta mama yao mgonjwa hospitali kwa mtumbwi, na mpiga kafi wao akaugonga mtumbwi kwenye gogo. Walipinduka mbele ya matete, si mbali sana na mahali alipofia kaka. Mpiga kafi aliushika mwanzi akausimamisha. Mimi nilikuwa kivukoni, nimepeleka mzigo wa nguo. Niliiona nyekundu na nyeupe ikienda huku na huku, na niliiona boti ikishuka kutoka juu.

Nitasema nilichotaka wakati ule, hata kama hakipendezi. Nilitaka apite. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, wote wanaona, na nilitaka apite mbele ya macho yao yote ili amalizwe. Wale wanawake waliokuwa majini sikuwafikiria. Nilimfikiria yeye tu.

Hakupita. Alizima injini mapema, akaiacha boti iende na mkondo, akajitupa majini na nguo zake, akawatoa mmoja mmoja, akianza na yule mama mgonjwa. Alipowaleta kivukoni watu walimpokea kwa vigelegele. Walimshika mikono. Kuna aliyemvika shuka lake. Nilisimama na mzigo wangu kichwani nikiona mambo yale yakienda upande ambao sikuupanga, na hasira yangu siku ile ilikuwa kubwa kuliko siku ya shauri lenyewe. Alikuwa ameonyesha mbele ya watu wote jinsi kazi ile ilivyokuwa nyepesi. Kuzima injini na kunyoosha mkono, basi. Na kaka yangu alikosa hilo kwa sababu ya magunia.

Aliniona katikati ya watu. Nikamgeuzia mgongo nikaenda zangu.

Baada ya hapo watu walipunguza kumuuliza kama anawaona. Lakini jina la kitambaa halikubadilika, na nadhani hilo ndilo lililomshinda. Kiangazi kilipoanza tulisikia ameacha kazi, anarudi kwao. Siku ya safari, lori la kwenda upande wa Kidatu lilikuwa linapakia mizigo karibu na kivuko, na akanitumia mtu niende. Nilikwenda na wifi. Tulimkuta amekaa juu ya sanduku lake la bati. Alisimama.

Akasema kwa sauti ya chini, "Nilimwona. Boti ilikuwa na magunia. Nilidhani atatoka mwenyewe. Naomba mnisamehe."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, na nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kwamba siku ya shauri hakusema kwa sauti ya chini, wala hakutuambia sisi. Aliwaambia watu. Nikamwambia, "Watu ni hawa hapa. Waambie."

Walikuwepo wengi, waliongoja pantoni na waliongoja lori, na yule mwenye duka alikuwa akisimamia majora yake yashushwe. Nahodha alitazama lori. Dereva alikuwa bado anafunga kamba za mizigo. Nilidhani atakataa, na nilikuwa tayari kwa hilo pia. Lakini alivua kofia, akawageukia, akasema kwamba mwaka ule wa mafuriko alimwona mvuvi aliyekuwa ameshikilia mtumbwi wake, alimwona na mwanamke juu ya kichuguu, na hakusimama kwa sababu ya magunia ya mpunga. Sauti yake ilikatika katikati, nikamwambia aliyesimama nyuma hajasikia. Akarudia tangu mwanzo.

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyemtukana. Mzee mvuvi alitema mate pembeni. Yule mtu wa kufunga kamba za boti alikuwa pale, akaondoka polepole akijifanya ana kazi. Nahodha akapanda lori, na hakuna hata mmoja aliyemwambia safari njema. Ukimya ule niliusikia vizuri, na nakiri kwamba nilifurahi. Watu huniambia kisasi hakishibishi. Mimi jioni ile nilikula wali na kambale mpaka nikaongeza, nikalala fofofo.

Ombi lake la msamaha sikulijibu, naye hakulirudia. Padri aliposikia alinijia tena kunikumbusha ahadi yangu. Nikamwambia bado nafikiri.

Wifi hakuridhika. Tulipokuwa tunarudi nyumbani siku ile alinitangulia mpaka tulipofika kwenye ua. Nilimuuliza kama hakusikia yule mtu alivyosema. Akajibu kwamba alisikia, na kwamba yeye hakutaka aseme. Alitaka akae majini, ashike kitu kinachoelea, na mtu amtazame kisha amgeuzie uso. Alisema kusema ni rahisi, hata kasuku wanasema. Yeye ndiye aliyekuwa juu ya kichuguu, mimi nilikuwa Mlabani nashona.

Kesho yake walikuja watu kutoka mashamba ya juu, karibu na Mlimba, wakitaka vitambaa vya mitumbwi yao kabla ya msimu mwingine. Walinieleza kwamba kwao mto una kona nyingi, na kwamba wangependa kiwe kikubwa zaidi. Wifi akawaletea viti. Nikachukua mkasi, nikawauliza kikubwa kiasi gani.